Kengele ya Mbangu

"Papa Lambert, umufunge imbwa yako ile kengele ya muti," mgeni alisema kabla hata hajakaribishwa kukaa. "Tunaenda naye porini."

Lambert aliwakazia macho. Kisangani nzima, siri ya kengele ile waliijua yeye, Sébastien aliyejificha msituni, na Angèle, mke wa Sébastien. Basi.

Wageni walikuwa wawili, majani ya mchikichi kichwani kama Simba wote, wale waasi waliouteka mji mwezi wa nane. Yule mrefu akasema anaitwa Alphonse. "Miye kaka ya Angèle, natoka Isangi. Haya majani ni kwa barrière za njiani tu, batuache tupite. Pirogue iko tayari mtoni, inaondoka leo. Dada anatutuma tumuchukue bwana yake." Akafungua kiganja. Ndani yake ilikuwamo pete ya ndoa ya Angèle.

Angèle alikuwa na kaka Isangi, kweli, lakini Lambert hakuwahi kumwona. Na maneno ya namna ile alikwisha kuyasikia. Mwezi uliopita mtu mmoja, mpole, mwenye heshima zake, alimsimamisha sokoni akasema ametumwa na mama yake mwalimu Timothée ampelekee mwanawe nguo. Lambert, na mdomo wake usiojua kufungwa, akamwonyesha nyumba alimojificha mwalimu. Siku ileile Timothée akapigwa risasi. Tangu hapo Lambert hakuthubutu kupita mbele ya mlango wa yule mama. Alikuwa akizunguka kwa nyuma, katikati ya mihogo, kama mwizi wa kuku.

Na pete? Pete huvuliwa kwa nguvu pia. Alimwona Angèle akilini mwake, mikono imefungwa, akilazimishwa kusema yote. Lakini akikataa, watamuua na kumchukua mbwa wenyewe. Akamfunga Mbangu kengele, wakatoka.

Mbangu alikuwa mbwa wa msituni, mwekundu, mkia umejikunja mgongoni. Mbwa wa aina yake hawabweki, ndiyo maana wawindaji huwavisha kengele ya mti wasije wakawapoteza vichakani. Wakitaka kimya, huijaza majani. Lambert na Sébastien walikuwa wamepatana kwa desturi hiyohiyo. Sébastien alikuwa karani, na wakati ule karani alikuwa akitafutwa na Simba kama nyama ya porini. Akisikia kengele inalia, ajue rafiki amefika, atoke. Lakini Mbangu akimfikia na kengele bubu, aingie kijitoni, atembee ndani ya maji ili hata pua ya Mbangu isimpate, aende msitu mkubwa na asirudi tena, hata akiitwa kwa jina lake.

Walipita mashamba yaliyo nyuma ya mtaa wa Kabondo, wakashika njia ya wawindaji. Kengele ililia ko-ko-ko mbele yao. Mbangu alikuwa na furaha zake zote. Kwake yeye matembezi ni matembezi. Lambert kila mlio ulimchoma.

"Alikonda sana?" Alphonse akauliza kwa nyuma.

"Nani?"

"Shemeji."

Lambert akaongeza mwendo. Yule wa sokoni naye aliuliza kama mwalimu anapata chakula. Akamtupia jicho mwenzake Alphonse, aliyening'iniza shingoni viatu vizuri vya kiume. Ameviiba kwa maiti gani, hayawani huyu?

Karibu na kijito Mbangu akasimama kunywa maji. Lambert akapiga magoti kando yake. "Iko na kupe," alisema bila kugeuka. Vidole vyake vilichuma majani mabichi vikayasokomeza ndani ya kengele mpaka ikajaa. Wakigundua, yeye ndiye atakayebaki hapo chini. Potelea mbali. "Timothée, unisamehe," alisema moyoni. "Huyu simtoi." Akamwachia mbwa.

Mbangu akatangulia, kimya kabisa. Walipofika kwenye kibanda walikuta majivu bado ya moto, sufuria imepinduka, na nyayo za mtu asiye na viatu zimeshuka kijitoni. Mbangu alikuwa ukingoni akinusa maji, akienda huku, akirudi huku.

"Sébastien!" Alphonse aliita. "Ni miye, Alphonse!"

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akakaa juu ya gogo, akashika kichwa. Lambert akageuza uso upande wa pili, wasije wakamwona anavyotaka kucheka.

Walirudi kwa njia ileile. Kwenye njia ya kushuka mtoni wale wawili wakamwacha, wakaenda mbio. Lambert akaendelea peke yake na mbwa wake, mwili mwepesi. Alipofika kwa mama yake Timothée hakuzunguka kwa mihogo. Alipita mbele ya mlango, akasalimia, na mama akaitikia. Machozi yalimlengalenga.

Nyumbani Marthe, mkewe, alikuwa akitwanga pondu, majani ya mihogo, uani, uso wote umechangamka.

"Angèle alipita kutuaga, na batoto," alisema. "Beko mtoni, ndani ya pirogue. Nilimucheka, kidole yake haina pete. Anasema alimupa kaka yake, juu wewe unaogopa watu siku hizi, bila pete hautakubali." Akaacha mchi, akamtazama mumewe. "Alors, Sébastien alisema nini alipoona shemeji yake?"

Mbangu akajikung'uta, kichwa huku na huku kwa nguvu zake zote. Kengele haikulia.