Nyumba Kati ya Shule Mbili

Kengele ilikuwa imelia zamani, watoto wa shule ya msingi wametawanyika, na Mwalimu Odeta alikuwa bado hajatoka. Masele alisimama kibarazani, kiganja juu ya macho kukinga jua, akilitazama geti la kushoto. Kisha akageukia geti la kulia. Huko, kwenye ua wa sekondari, Mwalimu Rwegasira alikuwa ameinama akifunga madaftari kwenye baiskeli yake. Alikuwa peke yake. Masele akashusha pumzi.

Nyumba ile ilijengwa na baba yake mwaka 1957, alipokuwa karani wa pamba na mtaa wa Igogo ukiwa bado mawe na vichaka. Shule zilikuja baadaye, moja huku na nyingine kule, nyumba ikabaki katikati. Majirani walikwisha kuwauzia viwanja vyao matajiri wa minofu ya samaki sangara, zikaota gesti na maduka. Masele hakuuza. Siku alipomleta mkewe Odeta, mwalimu wa darasa la nne, alimwonyesha kutoka kibarazani dirisha la darasa lake.

"Ukikohoa tu, nitasikia," alimwambia, wakacheka.

Ilikuwa miaka saba iliyopita. Mtoto bado. Na sasa kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kimempunguza kazi yeye na wenzake mia mbili, kibaraza kikawa ndiyo ofisi yake.

Ndipo alipoanza kuona. Alimwona Rwegasira akivuka barabara kuleta vitabu. Alimwona Odeta akivipokea kwa mikono miwili. Aliona kwamba siku hizi Odeta anapaka mafuta miguuni kila asubuhi. Kwa ajili ya watoto wa darasa la nne? Rwegasira alikuwa na shahada, na kazi, na ile sauti ya watu wa Bukoba, ya taratibu, ya mtu asiyewahi kuambiwa hatakiwi mahali. Masele akiisikia tu, anasukuma sahani pembeni.

"Vitabu gani hivyo visivyoisha?" aliuliza siku moja wakiwa mezani.

"Vya mtihani wa kupanda daraja. Nimekueleza mara tatu, Masele."

"Ya nne haina ubaya."

Odeta akalirudisha tonge sahanini. "Hivi ungependa niwe wapi ndipo moyo wako utulie?"

Swali lile lilimwingia Masele, likakaa.

Jumatatu alivaa suruali yake ya harusi akaenda ofisi ya elimu. Bwana Chenge, afisa, alimsikiliza. Masele akamwaga uongo aliokuwa ameupanga njia nzima: wameamua kulima mpunga, mke wake ahamishiwe huko nje ya mji asimamie shamba, yeye abaki kulinda nyumba ya marehemu baba.

"Magu kuna nafasi," Chenge alisema papo hapo.

Masele alipiga hesabu. Kwa basi, saa moja na nusu. Angekwenda kila Jumamosi. Kwa baiskeli ya Rwegasira, hakufikiki.

"Magu pazuri sana, mheshimiwa."

"Basi andika kwa mkono wako kwamba umeridhia, uweke sahihi. Mke wa mtu simtenganishi na mumewe hivi hivi." Chenge hakusumbuka kutafuta faili la Odeta, lilikuwa pale pale mezani, juu ya mengine. "Afadhali umekuja mwenyewe," alisema.

Masele alimwomba asimwambie mkewe kwamba yeye ndiye aliyeomba. Chenge alimtazama kidogo, akakubali.

Barua ya uhamisho ilitoka siku ya tisa. Odeta aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akairudia, kisha akaketi sakafuni na kujifunika uso kwa khanga. Mabega yakawa yanatikisika. Masele alimtazama, akahisi kushiba ambako hakukuhisi tangu apoteze kazi. Analilia sekondari, alijisemea. Alie tu.

"Usilie, mke wangu. Ni Magu, si Ulaya."

"Silii," Odeta alijibu ndani ya khanga.

Alifungasha kila kitu: cherehani, masufuria, hata picha ya mama yake iliyokuwa ukutani. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, Masele alipitisha siku tatu bila kukaa kibarazani. Hakukuwa na haja. Jumatatu alilibeba sanduku mwenyewe hadi kituo cha basi, akamchagulia mkewe kiti cha dirishani, akasimama akipunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Kutoka hapo hakupitia nyumbani. Alilishika geti la kulia, akaingia. Alitaka kitu kimoja tu: kuuona uso wa Rwegasira atakapomwambia.

Katika chumba cha walimu alikuwamo kijana mmoja, akipanga vitabu kwenye meza tupu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Namtafuta Rwegasira."

"Aa, umemkosa. Mimi ndiye nimeshika vipindi vyake, nimeripoti leo asubuhi. Yeye ameondoka Jumamosi. Kapewa ukuu wa shule, sekondari mpya ya Magu."

Masele akaishika meza.

"Angekuwa amekwenda tangu Januari," kijana akaendelea, akimsogezea kiti, "ila alikuwa anamsubiri mchumba wake. Naye ni mwalimu, wa hapa hapa jirani. Dada wa watu kaomba uhamisho mara tatu, ofisi inamrudisha, wanataka kwanza karatasi, sijui ya nani, imewekwa sahihi. Mungu mkubwa, juzi juzi ikapatikana."