Soketi ya Chaki

Siwema alirudi nyumbani kumwambia mama yake, fundi cherehani, kwamba ameacha chuo cha umeme. Mwaka mmoja umemtosha. Alipoingia, cherehani haikuwepo. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usishtuke, nimeiuza. Ada ya mwaka wa pili nimeshalipa."

Mama akamvuta mkono aone ukuta. Kwa chaki anayochorea vitambaa, alikuwa amechora swichi, balbu juu ya mlango, na soketi moja pale pale ilipokaa cherehani.

"Ukimaliza, utaanza na nyumba hii." Akampa chaki. "Nisahihishe, fundi. Nimekosea wapi?"

Siwema aliutazama ukuta.

"Hujakosea popote, mama," alisema, na chaki ikamvunjikia mkononi.