Nusu Saa ya Majaribio

Siku hizo hasira za watu zilidhibitiwa na mfumo uliopandikizwa kisogoni, mfumo huria wa tangu enzi za mababu, ambao yeyote aliruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Aliyetaka toleo jipya alilijaribu kwanza kwa nusu saa, amefungwa kitini kwa kamba, na mtu wa nyumbani kwake ameshika kifaa chenye kitufe cha kurudisha la zamani.

Mwajabu alimfunga mumewe, Mhina, kwa kanga. Kamba ya nini, kwa mwanamume ambaye miaka ishirini hajafokea hata paka?

Mwajabu alipowasha toleo jipya, Mhina alitulia kidogo, kisha akairarua kanga kama karatasi. Alimkaba mkewe koo, akambamiza ukutani, akambamiza tena, hadi sahani za kabatini zikaporomoka.

"Leo utanitambua!" alinguruma.

Kifaa kilikuwa kimeanguka sakafuni. Mwajabu alikipapasa kwa mguu huku macho yakiingia giza, akakanyaga kitufe.

Mikono ya Mhina ikalegea. "Mama Semeni! Damu hiyo!" Akamfuta mdomo kwa kipande cha kanga, analia. "Toleo gani hili la kishetani?"

Mwajabu alisoma kioo cha kifaa: Toleo jipya limekataa kuwaka. Kwa dakika nne, mtumiaji hakuwa na mfumo wowote.

Akayafuta maandishi hayo.

"Bovu kabisa, baba Semeni," alisema. "Tubaki na la zamani."

Kisha akaenda uani, akafungua kamba ya kuanikia nguo, akaja kuificha chini ya mto wake wa kulalia.