Pini Nne

"Mjomba, nibandikie namba," alisema mkimbiaji, akamgeuzia kocha mgongo.

Kocha alikuwa mjomba wake wa damu. Huku ugenini alikuwa pia daktari na mfua jezi, maana timu nzima ya nchi yao ilikuwa watu watatu: yeye, mpwa wake, na bondia aliyetolewa asubuhi katika raundi ya kwanza.

Alitia mkono mfukoni kutafuta pini. Zikatoka pini nne na karatasi iliyokunjwa.

Aliitambua hata kabla hajaikunjua. Ilikuwa fomu ya kuthibitisha kwamba binti huyo, mpwa wake, atakimbia, na ilitakiwa ifike kwa waandaaji kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo jina lake lingefutwa. Saa nne yeye alikuwa akimfuta bondia damu puani. Sasa ilikuwa saa tisa. Mshika mawili moja humponyoka, naye alikuwa ameshika matano.

"Mama ameazima televisheni," binti alisema huku akicheka. "Kaiweka uani, mtaa mzima wanione."

Kocha alifunga pini ya kwanza, kisha ya pili. Jezi ilikuwa na joto la mgongo wa binti.

Kwenye mlango wa uwanja msimamizi alianza kuita majina ya wakimbiaji.

"Sijaitwa?"

"Bado, mwanangu."

Alifunga ya tatu. Alifunga ya nne. Msimamizi akafunika daftari lake.

"Mjomba, tayari?"

"Imekaa upande," alisema kocha. Akazifungua pini zote nne, akaanza upya.