Kofia ya Harusi

Tangu avunjike mkono na mshipa wa fahamu kuumia, vidole vya Bi Mwanakheri vilikufa ganzi, na kofia ya harusi ya mwanawe ikabaki nusu. Daktari alisema mshipa huota polepole; kila asubuhi afumbe macho, atafute vifungo ndani ya bakuli la mchele. Miezi saba aliibuka na mchele mtupu.

Leo alishika sindano kwa ukaidi tu. Akashona tundu la kwanza la nakshi ya kofia, la pili, kisha akapiga ukelele.

Wifi yake Sauda akaja mbio. "Umejidunga! Damu hiyo itachafua kofia!"

"Iache, wifi! Imeniuma! Wallahi imeniuma!"

Akapiga kigelegele, tone la damu likining'inia kidoleni. Nyumba ya pili wakaitikia, kisha mtaa mzima, bila kujua sherehe ni ya nani.