Kitabu cha Kulwa

Siku hizi kitabu cha watoto humtambua anayekishika, na shujaa wake hubadilika papo hapo kufanana naye. Kila mtoto ajione, walisema wakubwa, na mimi nilipiga vigelegele kuliko wote. Semeni wangu anatembea kwa magongo, na utotoni mwangu sikuwahi kuona kitabu chenye mtoto kama yeye.

Sasa anavyo tele, na katika vyote msichana ana magongo. Chui akija, msichana hujificha. Mto ukijaa, hungoja kubebwa.

"Mama, niazimie kitabu cha Kulwa," aliniambia jana. Kulwa ni mtoto wa jirani, na vitabuni mwake watu hupanda milima mbio.

"Ukikishika kitakuwa kama vyako, mwanangu."

"Basi kishike wewe, unisomee."

Nikajifuta unga mikononi, nikaenda kukiazima. Semeni akaficha mikono mgongoni asije akakigusa kwa bahati mbaya. Nikafungua. Mlima ukafutika, na mahali pake akatokea mwanamke wa makamo ameinamia karai la mafuta, anageuza maandazi. Nikafunua ukurasa wa pili: maandazi. Nikaruka hadi wa mwisho: maandazi.

Nikajikaza kutunga. "Basi msichana akaupanda mlima mbio, akafika kileleni..."

Semeni alikuwa ameshachungulia.

"Usinidanganye, mama," akasema. "Kumbe na wewe hukufika popote."