Kalenda ya Msusi

Zaituni alifika kusukwa na nywele zake timtim, ameshazifumua nyumbani, lakini Siwema msusi hakumpa kigoda. Alimshika mkono akampeleka ukutani, kwenye kalenda iliyotiwa misalaba ya wanja.

"Kila Jumamosi uliyolia nikikusuka, nimeweka alama," alisema. "Miezi sita sasa. Itazame vizuri, shoga yangu."

Misalaba ilikuwa sita tu. Jumamosi nyingine zote Zaituni alisukwa kwa mkono uleule na chanuo lilelile, akasinzia. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Kila msalaba ulitangulia siku zake za mwezi kwa siku mbili tatu.

"Kumbe sideki," alisema polepole. Tangu utotoni aliambiwa anadeka. Kisha akakumbuka jambo jingine, akaona haya. "Na mimi ndiye niliyekutangaza mtaani kuwa una mkono mzito."

"Wateja wanne walikubaliana nawe, hawajarudi," alisema Siwema, ila macho yake yalikuwa yakicheka. "Leo je, umebakiza siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi leo sikusuki. Njoo Jumamosi ijayo."

Zaituni hakuwa akisikia tena. Aliibandua kalenda, akanyakua na wanja, akatoka mbio, yeye ambaye hajawahi kuonekana barabarani kichwa wazi. Mteja wa kwanza kati ya wale wanne alipofungua mlango, hata salamu hakupewa. Zaituni alikuwa ameshapiga magoti kizingitini, ameitandaza kalenda chini, wanja mkononi.

"Wewe zako huanza lini?"